Gari linalolia ‘tak’ na mtoto mwenye homa

Ilikuwa saa nane usiku, mwezi wa Aprili, na mvua ya Kyela ilikuwa imeshika kazi yake tangu magharibi. Katika nyumba moja ya Ipyana, kati ya migomba na michikichi, mama alikuwa ameketi kitandani akimpakata mtoto wake wa miaka miwili. Mtoto alikuwa wa moto kama jiko na alipumua kwa haraka, huku nyama za chini ya mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi.

“Baba Watoto, amka. Huyu mtoto hapumui vizuri.”

Baba alivaa shati juu ya bukta, akachukua ufunguo wa gari uliotundikwa kwenye msumari mlangoni, akatoka mbio kwenye mvua. Aliingia ndani ya gari, akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka zote na redio ikaanza kunong’ona. Kisha ikaja sauti moja tu kutoka mbele, chini ya boneti: tak.

Akazungusha tena. Tak. Mara ya tatu, tak.

Gari hilo halikuwa geni kwa ugonjwa huo. Kwa wiki tatu lilikuwa linalia hivyo asubuhi, linagoma mara tatu au nne, halafu linawaka. Familia nzima ilikuwa imeshazoea. Watoto wakubwa walikuwa wanahesabu kwa sauti wakiwa kiti cha nyuma: “Moja! Mbili! Tatu!” na likiwaka wanapiga makofi. Usiku ule baba alifika kumi na saba, na hapakuwa na wa kupiga makofi.

Majirani waliamka

Bibi, mama yake baba, alitoka na tochi akaanza kuita majirani. Ipyana bado ni mahali ambapo ukipiga kelele usiku watu hutoka. Walikuja vijana wanne na mzee mmoja wa nyumba ya pili, wote wamelowa.

“Shikamoo mzee. Tusaidie kusukuma,” baba alisema.

“Marahaba. Hili ni la gia za mkono?”

“Hapana, otomatiki.”

Mzee akatikisa kichwa. Enzi zake alikuwa utingo wa malori ya Bedford, yale yaliyokuwa yanapigwa hendeli kwa mbele, na anajua gari lipi linasukumwa na lipi halisukumwi. Gari la gia za mkono ukilisukuma, ukaingiza gia na kuachia klachi, magurudumu huzungusha injini na gari linaweza kuwaka. Magari mengi ya otomatiki hayana njia hiyo, kwa sababu pampu inayosukuma mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imelala, magurudumu hayana cha kuishikia. Mngesukuma mpaka Kyela mjini.

“Acheni gari,” mzee alisema. “Mtoto ndiye wa kushughulikia. Nani ana namba ya bodaboda?”

Hapo zilipotea dakika nyingine. Simu ya baba ilikuwa na namba ya fundi, ya muuza betri na ya wateja wa mpunga, lakini haikuwa na namba ya bodaboda hata mmoja. Kijana mmoja alikimbia kwa miguu kumwamsha rafiki yake. Ilipita karibu nusu saa kabla pikipiki haijafika, na wakaondoka mishikaki: dereva mbele, mama katikati na mtoto kifuani amefunikwa kitenge na mfuko wa nailoni, baba nyuma ameshika mwavuli ambao upepo ulishaugeuza.

Kituoni

Mhudumu wa zamu katika kituo cha afya hakuanza na dawa. Alianza na maswali. Homa ilianza lini? Anakunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amepewa dawa gani?

Kwenye swali la mwisho mama alitazama chini. Jana jioni alikuwa amempa dawa mseto iliyobaki tangu mtoto mkubwa alipougua malaria mwezi Januari. Bibi ndiye aliyesema: mtoto ana homa, ni masika, mbu wamejaa, ni malaria tu. Na nani angemlaumu? Bonde la Kyela lipo karibu mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Ni joto, maji hutuama kwenye mashamba ya mpunga, na mto Kiwira ukijaa husambaa mpaka majumbani. Mtu aliyezaliwa hapo anajua malaria kabla hajajua kusoma.

“Alipimwa?” mhudumu aliuliza.

“Hapana.”

Mhudumu hakugomba. Alichoma kidole cha mtoto, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Wakati wanasubiri, alimfunua mtoto kifua, akatazama saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 58. Kwa mtoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia ni za haraka kupita kawaida. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, kiwango ni 50. Kisha alimbana kidoleni kifaa kidogo cha kupima oksijeni katika damu. Kilisoma asilimia 88, na chini ya 90 mtoto anahitaji kuongezewa oksijeni.

Kipimo cha malaria kikaonyesha mstari mmoja. Hakuwa na malaria. Mtoto alikuwa na nimonia, na ilikuwa imekaa ndani yake kwa siku mbili wakati nyumbani wanatibu ugonjwa mwingine.

Aliwekewa oksijeni, akaanzishiwa sindano za antibayotiki. Alfajiri mhudumu aliwaambia wazazi kitu ambacho baba alikirudia kwa wiki nyingi: “Hamkukosea kufikiria malaria. Mmekosea kutopima.”

Siku ya pili, swali la gari

Mtoto alilazwa siku nne. Siku ya pili alianza kunyonya machungwa na kukataa uji, na kukataa uji kulikuwa dalili nzuri kwa sababu ndiyo tabia yake. Mama alibaki wodini. Baba alirudi nyumbani kuchukua nguo na kulishughulikia gari.

Kabla ya usiku ule alikuwa ameshatumia fedha nyingi juu ya gari hilo. Mwanzoni kabisa, lilipogoma mara ya kwanza sokoni, kila aliyepita alisema neno moja: betri. Baba akaenda dukani, akaeleza, na muuzaji naye akasema betri. Alinunua mpya kwa shilingi 185,000, akaifunga mwenyewe. Gari liliwaka siku sita bila kulia. Siku ya saba likarudia. Fundi wa kwanza akasema basi ni stata, tafuta 150,000 uchukue iliyotumika. Baba hakuwa nazo, na gari lilikuwa bado linawaka baada ya kubembelezwa, kwa hiyo akaahirisha mpaka mwezi ujao.

Safari hii alimwita fundi mwingine, mtu mzima aliyejifunza umeme wa magari Mbeya mjini. Fundi huyu naye hakuanza na spana. Alianza na maswali, na baba alikumbuka chumba cha kituo cha afya.

“Linalia mara moja au linalia mfululizo?”

“Mara moja. Tak, basi.”

“Taa za mbele zinafifia ukizungusha ufunguo?”

Baba hakujua. Hakuwahi kutazama.

“Washa taa kubwa, halafu zungusha. Mimi natazama.”

Tak. Taa zikabaki zimewaka vilevile, nyeupe, hazikutikisika.

Sauti inasema nini

Fundi alieleza akiwa amechuchumaa, akichora kwa kijiti kwenye udongo uliolowa. Stata ni mota ndogo yenye nguvu nyingi ambayo kazi yake ni kuzungusha injini mpaka iwake yenyewe. Juu yake kuna kisanduku cha sumaku. Ukizungusha ufunguo, umeme kidogo huenda kwenye sumaku hiyo, nayo inavuta chuma ndani: hapo ndipo “tak” inapotoka. Kile chuma hufanya mambo mawili, kinasukuma gia ya stata ikamate gurudumu la injini, na kinagusanisha vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa upite kwenda kwenye mota.

Kwa hiyo gari linalolia “tak” limeshakuambia jambo. Ufunguo unafanya kazi, fyuzi ni nzima, na sumaku imevuta. Shida iko kwenye ule umeme mkubwa, au kwenye mota yenyewe.

Kama sauti ni ya mfululizo, tatatatata kama cherehani, mara nyingi betri haina chaji ya kutosha au vichwa vyake vimelegea au vimeota kutu. Sumaku inavuta, mota inanyonya umeme, betri inazidiwa, sumaku inaachia. Ikiachia, betri inapata nafuu, sumaku inavuta tena. Ndiyo maana ya ule mlio wa haraka. Taa nazo hufifia au kuzimika kabisa.

Kama ni “tak” moja na taa hazitikisiki, betri huenda haina kosa. Umeme mkubwa haufiki, au unafika na mota haizunguki. Hapo wa kushukiwa ni waya mnene wa chanya, waya wa hasi unaounganisha betri na injini, vile vipande vya shaba vilivyolika ndani ya stata, au kaboni zake zilizokwisha.

Na kama hakuna mlio wowote, anza na rahisi. Kwenye gari la otomatiki hakikisha gia iko P au N, kwa maana kuna swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia. Kisha fyuzi, rilei, na betri iliyokufa kabisa.

“Lakini betri ni mpya, fundi, na taa zinawaka vizuri,” baba alisema.

“Mpya siyo cheti cha uzima. Na taa kuwaka si ushahidi. Taa zako mbili kubwa zinakula kama ampea kumi. Stata inaweza kutaka zaidi ya mia. Njia ya baiskeli inapitisha baiskeli, lori la mpunga likija linakwama.”

Alitoa mita yake. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.5. Betri iliyojaa husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu, na chini ya 12 imekwisha. Akamwambia baba azungushe ufunguo huku yeye akitazama mita. Betri nzuri ikizungusha injini hushuka, lakini isishuke chini ya 9.6 hivi. Hii ilishuka mpaka 12.1 tu.

“Umeona? Haijabeba mzigo wowote. Ni kama mtu unamwambia anyanyue gunia, na gunia halijamfikia mkononi.”

Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye skrubu nene ya stata. Zungusha. Ilisoma 0.3, ambayo ni kawaida. Akahamisha: ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Zungusha. Mita ikaruka mpaka 7.

Fundi alicheka kidogo. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri. Volti saba zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye waya mmoja wa hasi.

Waliufuata kwa mkono. Ulipita chini ya betri, ukashuka nyuma, ukafungwa kwenye injini kwa bolti moja ambayo huioni mpaka uinamishe kichwa. Bolti ilikuwa na ukungu wa kijani. Fundi alipouvuta waya, nyuzi zake nyingi zilikatika kama majani makavu. Ndani ya ngozi nyeusi ya waya, shaba ilikuwa imegeuka unga.

“Gari hili liliwahi kupita kwenye maji?”

Baba alinyamaza kidogo. Masika ya mwaka uliotangulia, mto ulipomwaga, alivuka maji yaliyofika kwenye taa ili kuokoa magunia ya mpunga ya mama yake. Lilitoka, likaendelea na kazi, akasahau.

Waya mpya, kusugua chuma mpaka king’ae, kupaka grisi na kazi ya fundi vilimgharimu shilingi 30,000. Baba alizungusha ufunguo. Injini iliwaka kabla hajamaliza kuzungusha.

Kuwaka siyo kupona

Jioni hiyo baba alikwenda wodini na gari. Alimkuta mama analia taratibu, mtoto amelala. Alikuwa anafikiria dawa mseto. Siku mbili nzima, alisema, alikuwa anamtibu mtoto malaria ambayo hana, na kila akimpa dawa ya kushusha homa joto linashuka, mtoto anacheza saa tatu, nne, naye anajipa moyo kwamba dawa inafanya kazi.

“Nilijidanganya kwa sababu alikuwa anapata nafuu.”

Baba alikaa pembeni yake. Alimweleza habari ya waya. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu: kwamba kwa wiki tatu gari lilikuwa linamwambia waziwazi kuwa ni gonjwa, naye hakusikiliza kwa sababu mwisho lilikuwa linawaka. Lingezimika moja kwa moja siku ya kwanza, angelitengeneza siku ya kwanza.

Nyumba nyingi zina jambo kama hilo. Kitu kilichoharibika kabisa hupata fundi upesi. Kinachosumbua ni kile kinachogoma na kukubali, kinachouma na kuacha. Mtoto anayechemka usiku na kucheza mchana. Kikohozi kinachotulia akinywa maji ya moto. Gari linalolia mara tatu na kuwaka mara ya nne. Nafuu ya muda huficha ugonjwa, na dawa ya kushusha homa hushusha homa tu. Haigusi nimonia, kama vile kutikisatikisa ufunguo kusivyogusa waya uliooza.

Halafu kuna lile la kukisia. Betri ni kisio zuri, kwa kuwa magari mengi yasiyowaka kweli yana shida ya betri. Malaria ni kisio zuri kwa mtu wa Kyela. Lakini kisio zuri ni mahali pa kuanzia kupima. Mwongozo wa matibabu nchini unataka mgonjwa apimwe malaria kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya takriban dakika 20. Dawa iliyobaki kabatini ni kama betri iliyonunuliwa bila mita. Siku sita za furaha baada ya betri mpya zilitokea, alivyoeleza fundi, kwa sababu baba alipokuwa anaifunga alizisogeza waya, na nyuzi chache zilizobaki zikagusana tena kwa muda.

Bibi alisikiliza yote hayo siku mtoto aliporudi nyumbani. Aliwasha moto, akapika wali wa Kyela unaonukia mpaka nyumba ya pili, akamwita mzee jirani, wale vijana na dereva wa bodaboda waje kula. “Ndaga fijo,” aliwaambia mmoja mmoja, asante sana. Mwishoni aliongeza bila kumtazama mtu: “Zile dawa zilizobaki kabatini nimezirudisha dukani wakanionyeshe pa kuzitupa.” Hakuna aliyesema kitu. Kwa bibi, hayo yalikuwa maombi ya msamaha.

Mzazi, hili lichukue

Mtoto asipelekwe asubuhi kama dalili zinasema sasa. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kulala kupita kawaida, anahitaji mhudumu wa afya usiku huohuo. Vivyo hivyo mtoto anayepumua kwa shida huku kifua kikibonyea ndani. Jifunze kuhesabu pumzi: mtoto akiwa ametulia, tazama tumbo au kifua kwa dakika nzima, na uhesabu.

Gari la familia lisiwe mpango pekee. Baba wa Ipyana sasa ana karatasi nyuma ya mlango yenye namba za bodaboda wawili, za jirani mwenye gari na za kituo cha afya. Pembeni kuna kadi ya kliniki na kiasi kidogo cha fedha ambacho hakiguswi. Kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga, kuna usafiri wa dharura wa m-mama kwa namba 115 isiyolipiwa.

Gari likianza kulia, lisikilize siku ya kwanza. Lia moja au mfululizo? Taa zinafifia au hapana? Majibu hayo mawili yatamwokolea fundi muda na wewe fedha. Tazama vichwa vya betri: unga mweupe au wa kijani husafishwa kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, baada ya kufungua waya wa hasi kwanza na kuurudisha wa mwisho. Joto la mwambao wa ziwa hufupisha maisha ya betri, na safari fupifupi za sokoni na kurudi haziipi muda wa kujaa. Injini ikiwa inaunguruma, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, tatizo huenda liko kwenye altaneta, na betri mpya nayo itakufa.

Ukiazima chaji ya gari jingine, anza na chanya kwa chanya. Kisha funga hasi kwenye betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo weka mbali sigara na koroboi. Maji yake ni tindikali: yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa angalau dakika 15 na uende hospitali. Watoto wakae mbali na betri kuukuu, ambazo zina risasi ndani yake, na aliyeishika anawe mikono kabla ya kushika chakula. Na usikubali mtu aguse stata kwa bisibisi kuunganisha umeme huku gari likiwa kwenye gia. Linaweza kuruka na kumbana.

Mzee jirani anasema watoto wa siku hizi hawajui bahati yao. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ndiyo ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Kabla ya hapo injini zilizungushwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja mikono. Madaktari wa mifupa mpaka leo wana aina moja ya mvunjiko, karibu na kiganja, inayoitwa kwa jina la madereva. Mzee mwenyewe ana kovu kwenye kifundo cha mkono, na hulionyesha kwa fahari.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, mvua ilikatika na milima ya Livingstone ikaonekana wazi ng’ambo ya bonde. Familia iliingia ndani ya gari kwenda kusalimia ndugu Matema. Baba alizungusha ufunguo na injini ikawaka mara moja. Kiti cha nyuma, yule wa miaka miwili alikuwa anasubiri sauti aliyoizoea. Haikuja. Akaigiza mwenyewe kwa ulimi: “Tak!”

Wote walicheka. Baba pia alicheka, kisha akashuka, akafungua boneti na kuushika ule waya wa hasi kuona kama bado umekaza.